Asidi Kali Iliyokataa Kazi

"Miaka ishirini na sita sijawahi kuitwa mzembe. Leo naitwa mzembe na mtu aliyejaza tangi langu asidi tupu, bila tone la maji, halafu anashangaa waya haujasafika."

Hayo aliyasema shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, kasimama kando ya tangi na kulabu mkononi. Aliyekuwa anaambiwa ni msimamizi mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, tuliyempa jina la Kalamu kwa sababu huja kazini na kalamu tatu zimepangwa mfukoni mwa shati. Sisi wanawake tunaofunga waya, pamoja na watu wa tanuri, tulikuwa tumeacha kazi na kujifanya hatusikilizi.

"Jana hukuwepo," Kalamu akasema. "Ulikwenda kung'oa jino. Oda inangoja, na ile asidi yako ya maji maji inachukua robo saa kwa koili moja. Nikatia kali yenyewe ili imalize kwa dakika tano."

"Imemaliza?"

Jibu lilikuwa limelala sakafuni. Koili kumi na mbili za waya wa uzio, zimepakwa zinki vipande vipande kama ukuta uliopakwa rangi na mlevi, na pale zinki ilipokataa kushika, kutu ilikuwa inachungulia.

"Haikumaliza kwa sababu imekufa," Kalamu akasema. "Wewe ndiye unayetunza asidi. Imelala stoo mwaka mzima mpaka imekwisha nguvu. Sasa acha maneno, chukua mpira wa maji, ingiza humo tangini, isukume yote iende mferejini. Tuanze upya."

"Simwagi maji humo."

"Nakuagiza."

"Nimesikia. Simwagi. Asidi kali ukiimwagia maji, yanachemka palepale na kukurukia usoni. Asidi ndiyo huingizwa kwenye maji, taratibu. Maji hayaingizwi kwenye asidi."

"Kwa hiyo unakataa amri."

"Nakataa. Andika, kalamu unazo tatu."

Mmoja wetu akacheka, na kicheko kile kilimgharimu shemeji. Kalamu alikuwa bado anaweza kurudi nyuma. Alipochekwa, hakuweza tena. Saa nne hivi barua ya onyo ilikuwa imeshapigwa chapa: uzembe katika kutunza mali ya kiwanda, na kukataa amri ya msimamizi. Kikao na bosi, Jumamosi saa tatu.

Kwa mtu mwingine, barua ya onyo ni karatasi tu. Kwa shemeji haikuwa hivyo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu, na pale kwetu anayefukuzwa kwa kukataa amri hapewi kiinua mgongo. Anachukua buti zake na kuondoka.

Nimwelezee kidogo, kwa kuwa ni mtu ambaye hawezi kujieleza mwenyewe.

Kiwandani anaitwa Mapovu. Aliingia kama mbeba mapipa, akiwa na mgongo mzuri na meno yote. Kazi ya tangi alifundishwa na mzee aliyekuwepo kabla yake, ambaye hakupenda kusema. Alinyoosha kidole tu, tazama pale. Kwa hiyo shemeji alijifunza kwa macho. Waya unakuja kwetu na kutu. Kabla ya kutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, lazima uogeshwe kwenye asidi iliyotiwa maji mengi, utoke mweupe kabisa, maana zinki haishiki juu ya uchafu. Ukiuchomoa mapema, umeharibika. Ukiuacha sana, asidi inamaliza kutu na kuanza kula waya wenyewe.

Na utajuaje? Kwa povu. Kutu haitoi povu, anasema. Kinachotoa povu ni chuma chenyewe. Kwanza unaona povu hapa na pale, pale palipofunuka. Likishatapakaa sawasawa koili nzima, ujue kutu imekwisha na sasa inaliwa mali ya bosi. Chomoa. Nimemwona akifanya hivyo kutwa nzima, kainama, macho mekundu, hatazami saa. Na ole wako upite hapo na sigara, maana hewa inayotoka ndani ya lile povu inashika moto.

Madini mengine anayazungumzia kama watu wa mtaani kwake. Zinki hana subira: kipande chake ukikitupa kwenye asidi ya maji kinachemka kwa fujo mpaka hukioni. Chuma kina adabu, kinatoa povu taratibu. Shaba haina habari, ukiiacha humo wiki nzima unaikuta ilivyokuwa. Hizo ndizo hadithi zake. Akija mgeni nyumbani hana nyingine.

Kazi hiyo imemlipa kwa namna yake. Povu linapopasuka juu ya tangi linarusha ukungu usiouona, na ukungu huo umemla meno ya mbele yakabaki mafupi kama ya mtoto. Mashati yake yanatoka kazini mazima. Dada akiyafua, matundu yanajitokeza, kumi, ishirini, kama yamepigwa misumari. Dada anasema ameolewa na viraka. Jioni shemeji anakaa kitini, ananyoosha miguu, anakaa hivyo nusu saa bila kuongea na mtu. Si hasira. Amechoka tu, uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi, kwa hiyo kila asubuhi anabeba wa jana na kuongeza wa leo.

Ijumaa jioni nilipitia kwao. Dada alikuwa anamenya vitunguu huku analia, na hakuwa na haja ya kunidanganya kwamba ni vitunguu.

"Mwambie mwenzio," akaniambia. "Anataka kusaini barua."

"Kusaini nini?"

"Kwamba amekosa," shemeji akasema toka kitini, macho kafumba. "Nikiri, niombe radhi, labda wanikate kidogo tu, wanibakizie."

"Ukikiri umeandika kwa mkono wako kwamba asidi iliharibikia kwako. Watakubakizia nini hapo, shemeji? Kulabu?"

"Mimi na yule kijana tukibishana mbele ya bosi, nani atasikilizwa? Yeye ana vyeti. Mimi nina mapovu."

"Ile asidi imekufa au haijafa?"

Akafumbua macho. "Haijafa. Ni kali mno. Ndiyo sababu haifanyi kazi."

Hapo nikakaa. Nimefunga waya kiwanda kile miaka kumi na minne, na mimi nilikuwa upande wa Kalamu bila kujijua: kitu kikali si ndicho kinachouma zaidi? Sabuni ukizidisha, nguo zinang'aa.

"Siyo sabuni," shemeji akasema. "Ile kali, ikiwa baridi, inakiuma chuma mara moja tu. Chuma kinavaa ngozi nyembamba, na ngozi ile inaifungia asidi nje. Basi, vinakaa vinatazamana. Ukiipasha moto ni habari nyingine, inatoa moshi wa kuziba koo. Lakini ikiwa baridi haina haja na chuma. Inataka maji ndiyo ianze kazi."

"Umeyajuaje?"

"Alhamisi asubuhi nilitumbukiza koili moja. Tangi la asidi kimya, hata povu moja hakuna. Nikaitoa, nikaipeleka tangi la kusuuzia, kwenye maji. Humo ndimo ikaanza kutoa povu, na maji yakapata moto. Asidi ile ile iliyoganda juu ya waya, ilipokutana na maji, ikaamka."

"Hayo ulimwambia Kalamu?"

"Hakuuliza."

Nikamwambia dada aache vitunguu atafute chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, na misumari. Shemeji akauliza za nini. Nikamwambia kesho atanyamaza kama kawaida yake, na chupa ndizo zitakazoongea.

Kwenye kikao cha barua ya onyo mfanyakazi huruhusiwa kwenda na mwenzake mmoja. Alinichukua mimi, nadhani kwa kuogopa kwamba asiponichukua nitakwenda tu. Bosi wetu ni mwanamke, mjane aliyeachiwa kiwanda na mumewe. Asidi haijui, lakini mtu anayebabaisha anamjua kabla hajakaa. Ofisi yake ndogo, viti viwili vya wageni, cha tatu ni boksi la karatasi. Boksi nikalikalia mimi, mfuko wa chupa na misumari miguuni.

Kalamu akasoma barua yake. Alisoma vizuri, kwa haki ya Mungu, na koili zote kumi na mbili akazitaja kwa uzito.

"Mzee," bosi akasema, "asidi ilikufia mikononi mwako?"

Shemeji akatazama buti zake. Nikamgusa kwa kiwiko.

"Pipa la kuletea asidi, mama," akasema mwishowe, "ni la nini?"

"La chuma, si lile la stoo?"

"La chuma tupu, halijavalishwa kitu. Asidi kali imekaa humo mwaka mzima. Kama ingekuwa inakula chuma, siku ile nilipofungua stoo si ningekuta dimbwi?"

Bosi akamgeukia Kalamu. Kalamu akasema, haraka kidogo, "Ndiyo nilivyosema. Imekufa, ndiyo maana hata pipa haili."

Nikiri kwamba jibu lile lilinitisha. Lilikuwa na akili ndani yake. Shemeji hakushtuka. Alichoka tu zaidi, kama mtu aliyeambiwa kuna ghorofa nyingine ya kupanda.

"Basi twende tangini," akasema.

Tukaenda wote wanne. Alivaa glovu, aproni na miwani, akatuambia tusimame mbali. Chupa ya kwanza akaitia maji karibu ijae, akachota asidi ya tangini kwa kijiko kirefu cha risasi, madini ambayo asidi hii haiyali, akaidondosha ndani ya maji kidogo kidogo huku anakoroga. Chupa ya pili akaitia asidi ile ile ya tangini, tupu, nayo akahakikisha ni kavu kwanza. Misumari miwili akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa.

"Kama imekufa," akasema, "maji yataifufua?"

Akatumbukiza misumari.

Ule wa asidi tupu ulikaa kama msumari ndani ya glasi ya maji ya kunywa. Ule wa asidi ya maji ukaanza kutoa povu papo hapo, dogo dogo, likipanda kwa mistari, na hatimaye msumari wote ukawa umevaa koti la povu. Bosi aliinama akatazama chupa hii, akatazama ile, akarudia. Kisha akamwuliza Kalamu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kuulizia bei:

"Na ulimwambia atie maji wapi?"

"Humo tangini."

"Kwenye yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Mzee, nionyeshe kingetokea nini. Kidogo tu."

"Sikuonyeshi, mama," shemeji akasema. "Na kwa kidogo pia sionyeshi. Samahani."

Mara ya pili wiki ile anakataa amri, na safari hii mbele ya bosi mwenyewe. Nikasema moyoni, kwisha kazi. Bosi akaikunja ile barua mara mbili na kuitia kwenye mkoba wake.

"Barua hii haipo," akasema. "Koili kumi na mbili ni hasara yangu, nitaibeba. Ila tangi litengenezwe leo, Jumatatu oda inaendelea. Mzee ataelekeza. Wewe," akamwonyesha Kalamu, "utabeba."

Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi tunatoka saa sita, na shemeji mchana wa Jumamosi ndio usingizi wake wa pekee wa wiki. Aliupanga toka Jumapili.

Kazi ile ilichukua mpaka saa kumi na moja. Tangi la kusuuzia, ambalo nalo limevalishwa risasi ndani, lilijazwa maji kwanza. Kisha asidi ikachotwa kutoka tangi la kwanza, jagi kwa jagi, ikamiminwa kwenye maji kama uzi, mmoja anamimina mwingine anakoroga. Baada ya kila jagi kumi wanasimama, kwa sababu maji yanapata moto kweli. Ukiweka mkono nje ya tangi unausikia. Kilichozidi kilirudishwa kwenye mapipa na vizibo vikakazwa, maana asidi kali ikivuta unyevu inalegea, na ikilegea ndipo inapoanza kula pipa lake.

Kalamu alibeba. Simwonei, alibeba hasa. Jagi la tano alibadili mkono.

"Weka chini," shemeji akamwambia. "Mkono ukichoka, weka chini. Hapa hakuna mashindano."

"Wewe huchoki, mzee?"

"Nimechoka toka kabla hujaoa."

"Sijaoa."

"Basi ndiyo uone."

Bosi alipopita kufunga ofisi aliwakuta wamekaa juu ya mapipa, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na chupa ya maji ya kunywa. Akamwambia Kalamu: "Umemlia mzee nusu siku yake ya mapumziko. Kiwanda hakiilipi hiyo, sikuiharibu mimi. Utailipa wewe, na si kwa hela. Utasimama tangini nusu siku, yeye akapumzike."

"Nitalipa, bosi," Kalamu akasema.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kalamu anapita na daftari lake, anasalimia, "Shikamoo mzee," anaitikiwa, anakwenda. Mimi nilimkumbusha mara mbili, mara ya pili mbele za watu, na dada akanigombeza kwamba namharibia mumewe kazi. Shemeji mwenyewe alisema niache.

"Hawezi kusimama pale," akasema. "Hajui. Anaogopa, na anaona haya kusema anaogopa. Nimemsamehe."

"Mimi sijamsamehe."

"Wewe hukuchota asidi, shemeji. Umekaa kwenye boksi."

Nikarudi kufunga waya wangu.

Wiki ya tatu nikaanza kumwona Kalamu akisimama nyuma ya shemeji nyakati za asubuhi, kwa hatua mbili hivi, bila kuandika. Anatazama tangi. Siku moja robo saa, siku nyingine nusu saa. Shemeji hakumgeukia. Ila alianza kunyoosha kidole: pale. Sasa pale. Subiri. Haya.

Jumanne moja, saa sita mchana, Kalamu akaja amevaa gambuti na aproni mpya ambayo ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Mzee, nenda nyumbani," akasema. "Nimekuja kulipa."

Shemeji akamtazama toka juu mpaka chini. "Koili imeiva lini?"

"Povu likitapakaa sawasawa."

"Likiwa upande mmoja tu?"

"Nageuza, nasubiri."

"Povu likichelewa kote?"

"Asidi inachoka. Naongeza..." akasita. "Sijui. Nakuita."

"Hilo ndilo jibu," shemeji akasema, akamkabidhi kulabu.

Nyumbani hakwenda. Nadhani alikusudia, kwa sababu alivua aproni na kunawa mpaka kwenye viwiko. Lakini mlango wa kutokea uko upande wetu wa kufunga waya, na hapo kuna rundo la magunia matupu, na alipofika kwenye magunia akakaa kidogo. Kisha akajinyoosha kidogo. Nilipogeuka alikuwa amelala mdomo wazi, buti miguuni, mikono juu ya kifua. Sijapata kumwona amelala mchana wa siku ya kazi. Usoni alionekana mzee kuliko nilivyodhani. Tukaanza kuweka koili chini taratibu, bila kuambiana.

Kule tangini Kalamu alikuwa amekunja mgongo na hapepesi macho. Koili ya kwanza aliitoa mapema, akaitazama, akairudisha mwenyewe. Ya tatu aliitoa sawa. Kufika ya saba, watu wa tanuri walikuwa wameacha kumkagua.

Saa kumi na nusu akaja kwetu, uso umemwiva, shati limeshikana na mgongo.

"Koili zimekwisha, mama," akaninong'oneza. "Nimwamshe?"

"Kazi tunatoka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi deni bado lina nusu saa."

Akatazama magunia. Hakubisha. Alirudi tangini, akaishika kulabu, akasimama pale mbele ya asidi iliyotulia, mpaka saa ilipofika.